Ujumbe wa Sauti Kutoka Goma

Kwenye kibanda cha fundi simu Ukunda, mama mmoja wa Mwabungo aliomba afunguliwe ujumbe wa sauti wa mwanawe aliye Goma.

"Mama, mlima umelipuka. Moto unateremka kama uji, tunakimbia na magodoro kichwani."

Wateja tulisogea. "Hebu rudia hapo kwenye uji," akasema mmoja. Mwingine akaomba arushiwe kwenye simu yake.

Mama alikuwa akisokota ncha ya leso yake.

"Yu hai, mama, si umemsikia?" fundi akamtuliza.

"Hakuniamkia," akasema. "Huyu hata akiwa na homa huanza na shikamoo. Leo amekumbwa na nini hata asahau?"

Hakuna aliyeomba kurudiwa tena. Fundi akapiga namba ya kijana, nasi wapenda habari tukaisikiliza ikiita.