Finjani Sita Kabla ya Kuingia Barafuni

Jamani, hii nilikuwa nimeshaizika, lakini kwa kuwa binamu yangu ameisambaza nusu yake (tena ile nusu mbaya), bora niwape yote kwa mdomo wangu mwenyewe: ndiyo, ni mimi yule msichana aliyeteleza kwa tumbo kwenye uwanja wa barafu wa Maskati, mchana kweupe, watu wamejaa.

Mimi ni mtoto wa Nairobi, ila upande wa mama ni Wazanzibari, na nusu ya ukoo ilihamia Oman zamani. Nina miaka kumi na tano na mchezo wangu ni kucheza juu ya barafu kwa muziki, kuruka na kuzunguka (na wewe unayetaka kuuliza barafu Nairobi tunaitoa wapi, tunayo, kiwanja kimoja kidogo, kona moja haikauki maji). Mwaka huu nikachaguliwa kwenda kambi ya mazoezi ya wiki mbili Maskati, nikafikia Sib kwa Bibi Zuwena, dada yake bibi mzaa mama, na kila asubuhi mwanawe, Mjomba Seif, ananipeleka kwa gari.

Kambini tulikuwa watoto ishirini kutoka nchi mbalimbali, na kocha wetu alikuwa Irina, mama mmoja asiyecheka hata kwa bahati mbaya. Siku ya mwisho kila mtu acheze dakika mbili peke yake, kisha wanne tu waitwe tena mwakani kwenye kundi la wakubwa. Niliitaka nafasi ile mpaka nikawa naiota. Tatizo ni mruko mmoja wa kuzunguka mara mbili hewani, ambao wiki mbili nzima nilikuwa naangukia makalio.

Bibi naye alikuwa na lake. "Nnakuja na watu wangu," aliniambia. "Nimeshawambia majirani mjukuu wangu anacheza juu ya barafu, wanan'cheka, wananambia Bi Zuwena umeanza uwongo uzeeni. Nnataka waje waone kwa macho yao."

Watu wake walikuwa kumi na mmoja. Wakaja na tende, halua na chupa mbili za kahawa, na Bibi mwenyewe kajifunika blangeti la kitandani juu ya baibui (nje jua linachoma, ndani wanatetemeka). Mimi nimeshapasha mwili, bado watoto wawili nifikiwe, nikawaona wananipungia mikono, na hapo ndipo nilipoamua jambo dogo lililoniponza: ngoja nikawasalimie kwanza. Mama alikuwa ameniusia kwa simu kwamba watu wazima hawapitwi. Basi nikavaa vile vifuniko vya plastiki vinavyokinga vyuma vya viatu visife makali sakafuni, nikapanda ngazi.

Shikamoo, marahaba, nabusu mkono, khabari za mama, khabari za baba, khabari za Nairobi, hujambo tena, mara kumi na moja. Mjomba Seif akanipa finjani ya kahawa. Moja tu, nikasema moyoni. Nikanywa, nikamrudishia, akamimina tena. Kukataa nikaona ni utovu wa adabu, nikanywa, nikarudisha, akamimina. Nyinyi mnaoijua Oman mmeshaanza kucheka, maana mnajua kwamba ukitosheka unaitikisa finjani kidogo, ndipo mmiminaji anaelewa; ukiirudisha hivi hivi umemwambia ongeza. Mimi nilijulia wapi? Kwa Bibi wiki mbili zote nilikuwa nakunywa chai ya maziwa.

"Mtoto anapenda kahawa huyu!" Mjomba akasema, amefurahi kweli.

"Mpe," Bibi akajibu. "Itamtia nguvu."

Finjani ya sita ilikuwa mdomoni niliposikia jina langu kwenye spika, na kwa ile sauti ya Irina nikajua haliitwi mara ya kwanza.

Nikashuka ngazi mbio, kahawa inacheza tumboni, nikafungua kilango na kujitosa barafuni kwa madaha yote, mikono juu, tabasamu usoni, na vifuniko miguuni. Vyuma ndivyo vinavyoshika barafu. Plastiki haishiki kitu. Mguu wa kulia ukaenda kwao, wa kushoto ukaenda kwao, na mimi nikatua kwa tumbo nikateleza uwanja mzima, tena polepole, kiasi cha kila mtu kunitazama vizuri, mpaka kichwa kikasimama mbele ya viatu vya Irina. Watoto wenzangu wakaangua kicheko. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini.

"Vifuniko," Irina akasema.

"Naomba nianze upya, kocha."

"Muziki umeshaanza. Unaendelea au unatoka?"

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto kwenye baridi ile. Nilitaka kutoka, Mungu ananiona. Lakini nikiwaza wale watu kumi na mmoja wanarudi Sib na kumwambia Bibi tulikwambia, nikashikwa na hasira, nikavichomoa vile vifuniko, nikavitupa nje na kuudaka muziki ulipofika. Nikacheza kwa hasira hiyo hiyo. Mruko ulipofika sikuupa nafasi ya kunitisha, nikaruka, nikazunguka moja, mbili, nikatua kwa mguu mmoja, nimesimama! Naisema bila haya: siku ile niliruka vizuri, na vigelegele vilivyotoka ndani ya lile blangeti vilizidi muziki.

Majina yaliposomwa, mimi nilikuwa wa nne. "Mwanzo wote umeupoteza," Irina akaniambia, "lakini mruko safi kama ule sijauona leo." Nililia kama mtoto mdogo, na sijuti. Tangu siku ile siingii barafuni bila kujikagua miguu mara mbili, na nimeapa kwamba salamu, hata awepo nani, ni baada ya kucheza.

Garini, tukirudi Sib, nikajiandaa kumwomba Bibi radhi kwa ile fedheha. Yeye alikuwa kwenye simu na jirani ambaye hakuja.

"Wallahi umekosa," anasema. "Kaingia mbio, kajitupa chini mwenyewe, kenda kwa tumbo mpaka miguuni kwa mwalimu wake kumpa heshima, ndo akainuka akaanza kuruka. Wale wengine wote waliingia tu kama ng'ombe, hawana adabu."

Akakata simu, akanigeukia, macho yamemjaa machozi. "Mwakani usiiwache ile, mwanangu. Adabu kama ile Sib hawajaiona."

Mjomba Seif akanitazama kwenye kioo, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Inshallah, Bibi," nikasema.