Mbolea ya Wapangaji

Nilikuja Karatu kutoka Singida kuchuma kahawa kwenye shamba la mwekezaji, nikiwa na mtoto mgongoni na mume aliyeahidi kunifuata. Hakunifuata. Msimu ulipokwisha sikurudi nyumbani. Nilikodi shamba dogo upande wa Rhotia kwa bibi mmoja wa Kiiraqw ambaye magoti yalishamkatalia kulima, nikapanda mahindi na maharage.

Mahindi yangu yalidumaa, ya manjano, wakati ya jirani yalistawi kijani mpaka wapita njia wakawa wanasimama kuyatazama. Udongo ulikuwa mmoja, mvua ile ile. Yeye alipata mbolea ya ruzuku, ile ambayo serikali inabeba sehemu ya bei. Mimi bei kamili ya dukani sikuiweza.

Nikaenda kujiandikisha. Mwenyekiti wa kitongoji hakuinua hata macho.

"Wewe ni mpangaji," alisema. "Mbolea ni ya wenye ardhi. Nyinyi leo mpo, kesho mmeshapanda basi la Singida."

"Sasa mwenyekiti, mbolea ikienda kwa asiyelima, shamba litaipataje?"

"Hilo mwenye shamba anajua."

Nikaenda kwa mwenye shamba. Bibi alinisikiliza, akacheka. Kisha akaniuliza mkutano wa kijiji ni lini.

Kabla ya siku ile niliwapitia wenzangu niliochuma nao kahawa, watu wa Singida, Dodoma na Mbulu, ambao nao walikuwa wamekodi vipande vyao. Wengi waliogopa kunyang'anywa mashamba. Walikuja mkutanoni hivyo hivyo. Mimi nilifika taratibu na bibi, ameshika bega langu.

Afisa ugani, binti aliyehamia kata yetu mwaka ule, alieleza habari za mbolea, akauliza kama kuna swali. Nikasimama.

"Ruzuku hii ni ya mkulima, au ni ya mwenye shamba?"

Watu waliguna. Mwenyekiti akasema swali hilo lilishajibiwa. Hapo bibi akajiinua, akaanza kwa Kiiraqw, kisha akahamia Kiswahili ili wote tumsikie.

"Mwenye shamba ni mimi. Mkinipa mbolea nitaipaka magotini? Anayelima ni huyu mwanangu. Mahindi ninayokula analima yeye. Kama si mkulima, niambieni basi nakula jasho la nani!"

Mkutano mzima uliangua kicheko, na nyuma wenzangu wakapiga makofi. Afisa ugani alisubiri watulie.

"Mkulima ni anayelima," alisema. "Mpangaji anaandikishwa kwa shamba analolilima, mwenye shamba akithibitisha. Mwenyekiti, tuanze nao leo leo."

Mzee mmoja aliyezoea kuchukua mbolea kwa mashamba aliyoyakodisha kwa wengine, na kuiuza, alikung'uta kofia yake akaondoka. Hakuna aliyemwita arudi. Wapangaji tulipanga foleni, na bibi ndiye aliyetangulia, kunithibitisha mimi.

Ujumbe wenye namba yangu ya kununulia mbolea ya ruzuku uliingia kwenye simu nikiwa napalilia maharage. Nilipiga kigelegele peke yangu shambani. Kesho yake nilikwenda kwa wakala wa mbolea Karatu mjini, nikarudi kwa bodaboda nimekumbatia mfuko wangu wa mbolea ya kupandia, vumbi jekundu likinijaa mdomoni kwa sababu nilishindwa kuacha kucheka.

Mwaka ule mahindi yalinipita kimo. Wapangaji wenzangu nao walivuna, na hakuna hata mmoja aliyenyang'anywa shamba. Nilimpigia mama simu Singida. Aliposikia nimenunua magunia mengine ya kuwekea mahindi kwa kuwa yale ya kwanza hayakutosha, alianza kuimba kwenye simu, na mimi nikamwitikia.

Msimu uliofuata kijiji kilinichagua kwenye kamati ya pembejeo. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyesogeza kiti, akasema, "Karibu, mama, kaa hapa mbele."

Nikakaa.