Mboga za Ndani ya Mabomba

Wakati wa uporaji, udongo wa uwanja wetu pale mtaa wa Bel-Air haukuotesha hata lengalenga, mchicha wetu wa kila siku. Aliyejenga nyumba ile alikuwa amejaza uwanja mawe meusi, mabaki ya kiwanda cha shaba, na kila nilichopanda kiligeuka njano kikafa. Maduka ya mjini yalikuwa yamevunjwa, kwanza na wanajeshi, halafu na watu tuliosali nao kanisa moja. Niliwaona wakipita wamebeba friji, viti, hata fremu za milango, wakicheka. Tangu siku hiyo sikupenda kupeana nao mkono wakati wa misa.

Mume wangu alikuwa fundi umeme wa reli, kama baba yake. Treni hazikutembea tena, kwa hiyo alishinda nyumbani akichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Alichora pipa lililowekwa juu ya matofali. Maji yangetoka kwenye pipa, yashuke polepole ndani ya mifereji iliyolazwa kwa mteremko, yapite kwenye mizizi ya mboga na kuingia katika beseni chini. Kisha pampu aliyoitoa kwenye mashine mbovu ya kufulia ingeyarudisha juu. Maji yaleyale yangezunguka tu, yametiwa mbolea kidogo ya mahindi.

"Bila udongo?" nikamwuliza.

"Udongo gani? Huu?" Akalipiga teke jiwe.

Mifereji ya kwanza aliitengeneza kwa mianzi iliyopasuliwa, akaifunika kwa plastiki nyeupe. Baada ya muda mfupi maji yakawa ya kijani, mazito kama makamasi. Mizizi ilioza ikawa kahawia, nayo ilinuka mayai viza. Kuisafisha ikawa kazi yangu. Niliingiza mkono hadi kwenye kiwiko na kuvuta ule utelezi, ukaning'inia vidoleni, na siku nzima harufu yake ilinifuata hata kwenye unga wa bukari, ugali wetu.

Mume wangu hakukata tamaa. Aligundua kwamba jua lilikuwa likiingia ndani ya maji na kuotesha uchafu ule. Tena maji yalikosa hewa. Akapaka pipa lami, akainua mdomo wa bomba la kurudishia ili maji yaanguke kwa kishindo. Kilichobaki, alisema, ni mabomba mazima yasiyopitisha mwanga, lakini hapakuwa na duka la kuyanunua.

Ndipo mdogo wake, shemeji yangu, akaja na mabomba manene ya kijivu juu ya pusupusu, mkokoteni wa kusukuma.

"Yaya, ona hizi matiyo," alimwambia mume wangu, kaka yake mkubwa. "Iko nguvu sana."

Nilimwuliza ameyapata wapi. "Ku bantu, mama," akajibu, kwamba ni kwa watu tu, akaomba maji ya kunywa.

Mume wangu alitoboa matundu, akaweka ndani yake makopo yenye kokoto, na katika kila kopo mche wa kabichi ya kichina. Umeme ukikatika, tulipandisha maji kwa ndoo. Safari hii mizizi ilitoka myeupe kama uzi. Majani yakanenepa. Majirani walikuja kutazama mboga inayoota hewani, nami niliringa, sisemi uongo.

Mmoja wao alikuwa mkunga wa hospitali, mama mtu mzima aliyetoka kazini na sare yake bado mwilini. Nilikuwa nikimkatia majani nikaona ametulia, ameinama, anasugua bomba kwa kidole gumba. Pale kwenye kiungo palikuwa na rangi ya waridi.

"Mama, hii njo rangi ya salle yetu ya kuzalia," alisema taratibu. "Hizi matiyo ilikuwa inapeleka maji machafu inje. Tangu baliziiba, damu ya bamama tunabeba na ndoo."

Mboga ilikuwa mkononi mwangu. Nikakimbilia nyuma ya nyumba nikatapika ile tuliyokula mchana mpaka yakabaki maji machungu tu.

Mume wangu aliporudi nilimngojea mlangoni. "Ulijua?"

"Nilijua haikutoka ku duka."

"Nimekuuliza kama ulijua ilitoka wapi."

"Niliiosha na soda ya kufulia, mama. Mara nyingi." Akatazama pembeni. "Kama si mdogo wangu, mwengine angebeba. Batoto batakula nini?"

Alidhani nachukia uchafu wa bomba, si wizi wenyewe. Nilimtazama, fundi yule msafi aliyepiga pasi hata suruali ya kazi, nikashindwa kukaa naye meza moja. Kesho yake niling'oa mboga zote kwa mikono yangu, watoto wakilia. Mkunga alikuja na pusupusu, tukayarudisha mabomba hospitalini.

Msimamizi alitupokea kwa suti na maneno matamu. Alituita mama zake. Majuma machache baadaye mkunga alinieleza kwamba wodi ilipata mabomba mawili tu. Mengine yalikwenda kwenye nyumba ambayo msimamizi alikuwa akiijenga. Bado walibeba damu kwa ndoo. Nilitema mate chini, mbele ya mkunga, jambo ambalo mama yangu angenipigia.

Mume wangu alitengeneza mifereji mingine kwa mbao, akaitandika turubai nyeusi. Ilivuja kwenye pembe, na kabichi ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Niliipika, watoto wakala. Mimi nilikula bukari na chumvi kwa muda mrefu.

Shemeji alihamia Kasomeno kufanya biashara. Siku moja alitutumia mfuko wa samaki wakavu wa Pweto, kule ziwani, pamoja na salamu. Mume wangu aliwachoma wawili, akala peke yake uani. Nilifunga mlango wa jikoni ili harufu isiingie.