Kumi na Wawili kwa Mmoja

Aisee wadau, mkisema naongopa sitawalaumu. Hata mimi ningesimuliwa ningecheka.

Mwaka juzi niligombea bunge la jimbo letu, Montana, huku Marekani. Mbunge wetu, Mzee Tveit, kastaafu, kiti kiko wazi, nikajitosa. Mpinzani wangu Clayton Rusk, mfuga ng'ombe, swahiba wa baba tangu utoto.

Kituo chetu cha kura kina watu kumi na wanne tu. Mimi, baba, na majirani kumi na wawili.

Nikagonga milango yote. Kahawa wananipa, pai wananipa, halafu wananichana.

"Signe mwanangu, wewe mtoto mzuri. Ila mimi ni wa Clayton."

Wote kumi na wawili. Usoni!

Kurudi home, nakuta bango la Clayton kwenye uzio wetu. Uzio wetu jamani!

"Baba, na wewe?"

"Kura ni siri." Akaendelea kula viazi.

Tangu mama afariki, hayo ndo maongezi yetu.

Nikashindwa. Nikaperuzi matokeo kwenye simu mpaka nikafika kituo chetu.

Rusk 12. Haugen, yaani mimi, 1.

Moja! Yangu mwenyewe! Nililia garini mpaka vioo vikaingia ukungu.

Wiki mbili tukala meza moja na baba, kimya. Nikaanza kufunga mabegi nihamie mjini Billings, ambako hakuna anayenijua. Angalau huko upweke una sababu.

Ndo ikaja barua ya ofisi ya uchaguzi. Kura yangu haikuhesabiwa.

Nikampigia karani, Bi Verna. "Haiwezekani! Niliituma kwa posta mapema kabisa!"

"Binti, bahasha yako ninayo hapa. Hukuisaini, na bila saini kura ya posta haihesabiwi. Mgombea mzima! Nimekupigia mara tatu hupokei."

Kweli, namba ngeni huwa sipokei.

Nikakaa chini.

Sasa ile moja ya nani?

Piga hesabu. Kumi na wawili walinikataa mdomoni, na Clayton kapata kumi na mbili.

Nikachungulia dirishani. Baba yuko kwenye theluji, peke yake, anawamwagia ng'ombe nyasi.

Mabegi nikayafungua.

Nilichojifunza: asiyekutaka atakwambia mapema. Anayekupenda unaweza ukala naye kila siku usijue.

Mpaka leo sijamwambia kwamba najua. Naye hajasema kitu.

Ungekuwa wewe, ungemwambia?