Pombe ya Ntumba Niliyowauzia Watu wa Barabara

Kosa ni langu. Naanza hapo ili msije mkadhani nataka kumtwika mtu mwingine, ingawa huyo mtu mwingine nitamtaja, na jina lake ni Leonsi.

Kwa padre nilishaungama siku nyingi. Alinipa rozari za kusali, nikazimaliza njiani kabla sijafika nyumbani, mambo yakaisha. Lakini padre hakuwepo shambani siku ile, wala pombe haikuwa yake. Ndiyo maana nawaambia na ninyi wasomaji wa gazeti hili, ambao hamnijui sura. Shule yangu ni ndogo, nilitolewa darasani nikachunge ng'ombe, kwa hiyo mtanivumilia.

Mimi ni Mfipa wa upande wa Matai, mkulima. Mwaka ule kodi ilinikuta sina hata senti. Mahindi yalikuwepo, maharage yalikuwepo, mke mwema alikuwepo, anaitwa Yustina. Ila serikali haipokei maharage. Tarishi wa jumbe alipita nyumbani, akaniambia kwa upole kabisa kwamba safari nyingine atakuja na kamba. Heri angefoka.

Basi nikaanza kusali. Nilisali kama mtu anayeagiza bidhaa kwenye duka la mjini Sumbawanga: Mungu wangu, nataka shilingi, usiniletee kitu kingine. Yustina akinisikia alikuwa anacheka, ananiambia nimwachie na Mungu nafasi ya kuchagua. Nikamjibu kwamba Mungu kodi anaijua ni kiasi gani.

Wakati huo ndio ulikuwa wakati wa ntumba. Niwaeleze ninyi wa mbali. Kwetu huku juu miti ni michache, hatuna cha kuchoma ili tupate majivu ya shamba. Mvua zikikaribia kwisha tunakusanya majani, tunayafunika kwa udongo marundo marundo, yanaoza humo ndani. Hizo ndizo ntumba. Mvua zikirudi tunazitawanya, tunapanda ulezi. Mtu mmoja haiwezi kazi hiyo. Unapika pombe, unawaita majirani, wanakuja na majembe yao, na wakimaliza wanakunywa. Hakuna malipo mengine. Tangu siku ulipoloweka ulezi wa kimea, pombe ile si yako tena, ni ya hao uliowaita. Kila mtoto wa Ufipa analijua hilo, na mimi nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu.

Hapo ndipo Leonsi alipoingia uani kwangu. Tulikua pamoja, akaenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, akarudi na viatu, kofia na maneno mengi. Aliikuta mitungi imejaa, kesho yake watu waje. Akanusa. Akaniuliza kama kodi nimelipa, nikasema bado, ila nasali.

“Shilingi zako hizo hapo kwenye mitungi,” akasema. “Sasa unapiga magoti kutafuta nini?”

Kumbe watu wa barabara ya Kasanga, wale vibarua wanaoijenga, walikuwa wamepiga kambi ng'ambo ya mto. Wamepokea mshahara na hawana pa kunywa. Jamani, niliona sala yangu imejibiwa na jibu limevaa viatu! Nikapiga ishara ya msalaba pale pale, nikashukuru. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilishukuru.

Yustina alikataa. Alipoona nimeshainua mtungi wa kwanza akanisihi basi niwapitie majirani usiku huo huo, niwaambie wasije, tutapika tena. Nikapiga hesabu ya mtu mwerevu. Wakiambiwa wasije, shamba halitalimwa. Wakija, litalimwa. Nikanyamaza. Leonsi akasema nisihangaike, la kuwaambia atanifundisha yeye.

Pombe ilinunuliwa yote mpaka machicha. Leonsi akajitolea kupeleka fedha boma, eti kwa jumbe kuna maswali mengi, na yeye anajuana na karani, nitapunguziwa. Nikampa zote mkononi. Hata shahidi sikuweka.

Asubuhi wakaja, na baridi yetu mnaijua au mtaiuliza. Wanaume kwa wanawake, majembe begani, wamejifunga mablanketi. Mbele yao Mzee Filberti, jirani yangu, ndiye aliyenisimamia ubatizo. Walilima kama watu wanaopenda. Na mimi nilikuwa katikati yao, naimba kwa sauti kuliko wote. Yustina hakutoka ndani.

Jua lilipoanza kushuka, shamba zima lilikuwa limejaa ntumba nzuri, za duara. Watu wakaosha mikono, wakaketi uani, wakatazama upande wa mitungi. Nikasimama nikatoa somo la Leonsi. Nikasema ndugu zangu, bahati mbaya, pombe imechacha vibaya, nimeogopa isiwaumize matumbo, nimeimwaga.

Mzee Filberti akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba polepole, akarudi.

“Mwanangu,” akasema, “umemwaga mitungi yote hiyo, na kuku wako bado wanatembea wima?”

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, nikidhani nimeponea hapo. Mwanamke mmoja akasema labda kuku wangu ni Waislamu, wakacheka tena. Halafu kicheko kikakatika chenyewe na nikaona kila mtu anatafuta jembe lake. Hakuna aliyenitukana. Yustina alitoka na uji, wengine wakapokea kwa heshima yake, wakanywa wamesimama, wakaenda zao.

Leonsi alirudi baada ya siku chache, akasema kodi imepokelewa, stakabadhi itafuata. Juu ya zile ntumba Yustina akapanda maharage, tukala. Stakabadhi haikufuata. Leonsi akasema anakwenda kuiulizia. Nasikia alionekana Kasanga akipanda meli, na suruali mpya. Leonsi, kama kuna mtu anakusomea gazeti huko uliko, mwambie akusomee na hapa: wewe ni mwizi, na viatu vile vilikuwa vinakubana, tulikuwa tunaona.

Mvua ya kwanza iliponyesha, tarishi akaja na kamba yake. Asiye na stakabadhi hajalipa, hakuna mjadala. Nikapelekwa kulipa kodi kwa mgongo wangu, kuvunja mawe. Wapi? Barabara ya Kasanga. Nyapara aliponiona akafurahi kama ameona shemeji. Akawatangazia wenzake kwamba huyu ndiye yule mwenye pombe tamu, akaniuliza mbona safari hii nimekuja mikono mitupu.

Niwe mkweli, sikuteswa. Tulipewa unga kila siku, na ufundi wa kupasua mawe nilioupata pale umenilipia kodi miaka mingine yote hadi leo. Lakini wakati ule sikuona. Nilichoona ni mvua. Kila iliponyesha nilijua ntumba zangu zinangoja kutawanywa, na Yustina ana mimba kubwa, na hakuna jirani atakayekanyaga shamba langu. Ulezi usipopandwa wakati wake, mwaka mzima hakuna kitu. Nilimwambia Mungu kwamba ameniacha. Nilimwambia na mengine ambayo gazeti halitayachapa.

Nilipoachiwa, nilitembea huku napanga maneno ya kumwambia mke wangu juu ya njaa. Nikafika kwenye mpaka wa shamba, nikasimama. Ulezi ulikuwa umeota. Wote, mpaka kwenye kijito.

Yustina alinihadithia akiwa ananyonyesha. Mzee Filberti alikuja asubuhi moja na wale wale wa siku ile, karibu wote. Yustina akatoka analia, akawaambia hana pombe wala kitu cha kuwapa. Mzee akamjibu asihangaike.

“Mumeo hatumlimii,” alimwambia. “Majani haya tulikusanya sisi. Hatuwezi kuyaacha yaoze bure na wewe una mtoto tumboni.”

Wakatawanya, wakapanda, wakanywa maji, wakaondoka.

Hapo ndipo nilipokaa chini nikaelewa. Nilikuwa nimemwomba Mungu shilingi, naye alikuwa ameshaniletea watu, asubuhi na mapema, wenye majembe begani. Nikawauza. Na bado akawaleta mara ya pili.

Tulipovuna nilipika pombe, nikambebea Mzee Filberti mtungi mzima. Nikapiga shikamoo, akaitikia marahaba vizuri sana, akanikaribisha kiti. Nikamweleza yote, hata ya Leonsi. Akasikiliza mpaka mwisho, akanisaidia kujitwisha mtungi tena kichwani.

“Nimekusamehe,” akasema. “Hiyo kanywe na mkeo.”

Mzee ameshafariki. Salamu tunapeana wote kijijini, misibani tunakaa pamoja. Lakini ikifika wakati wa ntumba nasikia nyimbo mashambani kwa watu, na hakuna anayekuja kuniita, wala nikiita mimi hawaji. Hawanichukii. Hawaniamini, basi. Tunalima wawili, mimi na Yustina, na sehemu kubwa ya shamba imekuwa nyasi.

Kwa hiyo ninyi ambao tarishi amepita kwenu juzi, na mnasali usiku, salini, ila kabla ya kusema Mungu amechelewa, tazameni kwanza nani amekuja kuwasaidia wiki hii mkamwona ni jirani tu. Mpeni haki yake siku hiyo hiyo. Kodi unaweza kuilipa kwa mawe. Mimi mawe nimeyapasua mengi, na hakuna hata moja lililomrudisha mtu mmoja shambani kwangu.