Baba Alipovua Kilemba

Nakumbuka asubuhi moja kule Kabazi nilipokiona kichwa cha baba yangu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa msichana mkubwa wa kuposwa, lakini kichwa cha baba sikuwahi kukiona. Watu wa kanisa letu walivaa vilemba vyeupe, na baba alikuwa nacho chake kichwani tangu alfajiri hadi taa izimwe. Asubuhi hiyo alitoka chumbani kichwa wazi, akavuta kigoda, akaomba chai kana kwamba hakuna kilichotokea. Kilikuwa kichwa cheupe kuliko uso wake, kimechongoka kidogo kwa nyuma kama kiazi kilichochimbwa mapema. Mama akamimina chai nje ya kikombe. Mbwa wetu, aliyelelewa na baba tangu alipokuwa mdogo, akambwekea.

Usicheke sana, mwanangu. Wewe ni mjukuu wangu, lakini nimekulea mimi, kwa hiyo nitakuita mwanangu hadi nichoke. Siku ile hakuna aliyecheka nyumbani kwetu. Na mtu aliyesababisha kilemba kile kivuliwe ni babu yako Wafula, huyu anayekoroma hapo sebuleni.

Nakusimulia haya kwa sababu ya ile video uliyonionyesha juzi. Ulimrekodi yule mama anayeuza mboga hapa karibu na lango letu akiziombea sukuma zake asubuhi. Ukamuuliza kama Mungu wake anajua bei ya sukuma, yeye akababaika, na wewe ukaiweka mtandaoni na vikatuni vya kucheka. Uliniambia imependwa na watu wengi. Sikukujibu siku ile kwa sababu nilitaka kwanza nipange habari yangu vizuri, mwanzo uwe mwanzo na mwisho uwe mwisho.

Mwanzo ni huu. Baba yangu alikuwa mkulima wa viazi, na katika kanisa letu yeye ndiye aliyepiga ngoma. Lakini kilichomjulisha kwa watu ni mbegu. Kila mwaka, kabla ya mvua kubwa, majirani walileta mbegu zao uani kwetu. Walikuja wa kanisa letu, wa kanisa la kengele, wa kanisa la Jumamosi, na hata fundi mmoja wa paa ambaye hakwenda kanisa lolote. Baba alivua viatu, akainua mikono, akamtaja kila mtu kwa jina pamoja na shida yake. Mwenye mgonjwa alitajiwa mgonjwa wake. Mwenye kesi ya mpaka alitajiwa mpaka, na jirani aliyegombana naye yuko papo hapo ameinamisha kichwa.

Wafula alizaliwa Nakuru, kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli zilizojengwa kwa safu moja ndefu. Alifanya kazi kiwandani. Tulijuana nilipokuwa mjini nikijifunza kushona. Alikuwa kijana mtanashati, mcheshi, mwenye moyo mzuri, ila alikuwa ameokoka juzi tu na alikuwa amemaliza masomo ya Biblia kwa njia ya posta. Cheti alikitia kwenye fremu. Biblia yake ilikuwa na zipu, na ukisikia zipu ile ikifunguliwa ulijua kuna mtu atakwenda nyumbani na maumivu ya kichwa.

Nilimleta Kabazi aonekane na wazazi. Nilikuwa nimemwagiza mambo mawili: ale mukimo wetu wa viazi na mahindi hadi aambiwe imetosha, na azungumze akiulizwa. Tulimkuta baba uani akiombea mbegu. Wafula akangoja hadi "Amina", kisha nikasikia zipu.

"Mzee, naomba kuuliza swali dogo tu."

"Uliza, kijana. Bado hawajatoza kodi ya maswali."

"Mbegu ambazo hazikuletwa hapa, kwani hazioti?"

"Zinaota."

"Sasa maombi yanafanya nini?"

Baba alifikiri. "Tunaomba kwa imani," akasema.

"Hicho ni kisingizio, Mzee. Kila mwenye chombo kisichofanya kazi husema ni imani. Si ujaribu? Panda nusu ya shamba kwa mbegu ulizoombea, nusu nyingine usiombee. Halafu uangalie."

Baba angekuwa mtu wa majivuno angemfukuza, na mimi ningeolewa kwingine. Lakini alikuwa mtu mkweli kupita kiasi. Alisema, "Sijawahi kuangalia," kwa sauti ya mtu aliyegundua kwamba hajawahi kuhesabu meno yake. Akapanda nusu kwa nusu.

Viazi vilivyoombewa vilikuwa upande wa chini, ambako ukungu hukaa hadi saa nne. Majani yakashikwa na ugonjwa, yakawa meusi. Vya juu, ambavyo havikutajwa mbele ya mtu yeyote, vilitoka vikubwa kama ngumi. Mama alisema ni ukungu. Alisema mara nyingi, akiwa jikoni, akiwa shambani, akiwa peke yake. Hakuna aliyemsikiliza, maana wanaume wawili walikuwa wakijadili mambo makubwa.

Jumapili iliyofuata baba hakwenda kupiga ngoma. Wafula alifurahi mno. Aliniambia, "Wambui, mzee amefunguka. Sasa namleta kanisani kwetu." Akaja na chupa ndogo ya mafuta yaliyoombewa na mchungaji wake, akamwambia baba ampake ng'ombe aliyekuwa amepunguza maziwa.

Baba akaipokea chupa kwa mikono miwili, kwa heshima. Kisha akasema, "Nina ng'ombe wawili, wote wamepunguza. Nitampaka mmoja."

Wafula akaanza kukohoa.

Aliyepakwa mafuta aliendelea vilevile. Mwenzake, baada ya kuilamba ile chupa hadi ikang'aa, aliongeza maziwa kidogo, kisha akapunguza tena. Baba alilifuatilia jambo hilo kwa makini kama daktari.

"Mafuta yako yameshindwa kama mbegu zangu," akamwambia Wafula.

"Lakini Mzee, lazima uyatumie kwa imani."

"A-a. Imani nilikuambia mimi, ukasema ni kisingizio."

Nilimwona Wafula akifungua zipu na kupekua kurasa. Vifungu vyote alivyosomea kwa posta havikuwa na jibu, maana vilikuwa vimeandaliwa kumjibu baba wa zamani. Huyu aliyekaa mbele yake alikuwa amefundishwa na Wafula mwenyewe.

Kesho yake ndiyo ile asubuhi ya kichwa. Baba alivua kilemba, akakikunja vizuri na kukiweka juu ya kabati. Mama alipomuuliza avae nini kanisani, alisema hana kanisa, wala la huku wala la Nakuru. Akashikwa na mafua yaliyodumu hadi mwezi ukaisha.

Katikati ya mafua hayo ikafika siku ya baraka. Kwetu msichana hatoki nyumbani hivi hivi. Baba yake husimama mbele ya pande zote mbili, akainua mikono na kuwaombea wawili hao, ndipo mambo yote hukamilika. Wageni walifika kutoka landhi wakiongozwa na mjomba wake Wafula, Mzee Makokha, aliyekuwa amestaafu kazi ya reli na bado akiivaa kofia yake ya kazini. Wakala, wakasifu chakula. Mahari ikaelewana bila kelele. Baba akaombwa asimame.

Akasimama, akapenga kamasi, akasema: "Msichana ni wenu. Kijana ni mzuri, nampenda. Ila baraka sina. Huyu kijana wenu alizikagua akakuta ni hewa. Siwezi kuwapa wageni hewa."

Watu wote wakamgeukia Wafula. Nami nikamgeukia, na kama macho yangechoma, wewe mwanangu usingezaliwa.

Mzee Makokha aliinua kofia yake, akaishusha. "Shemeji, sisi hatubebi msichana kama mbuzi wa kuibwa," akasema. "Tutarudi baraka zikipatikana." Akamshika Wafula sikio, mtu mzima mwenye cheti, akamtoa nalo hadi barabarani.

Ndivyo arusi yangu ilivyokwama. Nilirudi kuchimba viazi, na shangazi zangu wakaanza kunitazama kwa huruma.

Wafula hakukata tamaa. Alipanda mlima wa Kabazi kila wikendi kujaribu kumrudishia baba imani yake, ile ile aliyoicheka. Hebu fikiria, mtu wa zipu anatetea vilemba! Alimwambia baba kwamba ngoma imo kwenye Zaburi. Baba akamuuliza aliyeandika alikuwa na ushahidi gani. Akamwambia watu wengi wameponywa. Baba akamuuliza ni nani aliyewahesabu waliokufa. Kila swali lilikuwa la Wafula, linarudi kwake likiwa limenolewa upya.

Siku moja mama alimwomba atuombee chakula. Wafula akafumba macho, akaanza, "Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa..." Akanyamaza. Tukangoja. Nilichungulia, nikamwona baba macho wazi.

"Endelea, kijana. Au umekosa ushahidi?" baba akasema.

Hakuwa akidhihaki. Nafikiri alitamani kweli kusikia mwisho wa sala ile. Lakini Wafula hakuendelea. Aliondoka bila kula, na Biblia akaisahau mezani, zipu imefungwa. Hakurudi wikendi iliyofuata, wala iliyofuata tena. Mama alisema, "Sasa wamekuwa wawili," akaenda kukama ng'ombe akilia.

Mvua kubwa ikakaribia. Majirani walileta mbegu kama kawaida, na baba akawarudisha langoni kwa adabu. Jumamosi moja nikamwona Wafula akipanda ule mlima, ametapakaa tope hadi magotini, amebeba mfuko wa mbegu begani. Akauweka chini uani, akainama, akavua viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilikuwa kimetoka nje chote, kikitazama.

Baba alimtazama, akakitazama kidole. "Wewe huna shamba. Utapanda wapi, katikati ya reli?"

"Sijui, Mzee."

"Na ulisema maombi hayafanyi kitu."

"Nilisema. Sasa hata yangu siyawezi. Nikifumba macho nasikia sauti yangu mwenyewe ikiniuliza kama nina hakika." Alifuta uso kwa mkono. "Mzee, wewe huzijui nyumba za landhi. Ukuta ni mmoja, mimi huku, jirani kule. Nilikuwa napiga nyundo upande wako, nikashangaa picha zangu ndizo zinaanguka."

Baba alikitazama tena kile kidole. Kisha akaanza kucheka. Hatukuwa tumesikia kicheko chake tangu mavuno. Alicheka hadi akakohoa, akakielekezea mkono kile kidole, akacheka tena. Alipomaliza alivua viatu vyake polepole.

"Sijui kama nina cha kukupa," akasema. "Ila nakumbuka namna ya kusimama. Wambui, njoo hapa."

Nikaenda nikasimama kando ya Wafula. Baba akainua mikono, kichwa wazi, matone ya kwanza ya mvua yakimdondokea utosini.

"Mungu," akasema, "kama uko, na mama yake Wambui anasema uko, mimi na kijana huyu tumekupima kwa viazi na kwa ng'ombe. Utusamehe kama siku hiyo ulikuwa na kazi nyingine. Huyu ni Wambui. Huyu ni Wafula. Mbegu wanazo, shamba hawana. Waangalie."

Mama akapaza "Amina!" kutoka jikoni hadi kuku wakatawanyika.

Tulipompelekea Mzee Makokha habari, aliuliza jambo moja tu, kama mikono iliinuliwa. Tukamwambia iliinuliwa. Akasema basi, treni inaweza kuondoka.

Ilipofika Julai baba alikirudia kilemba. Alisema ni kwa ajili ya baridi, na mama, aliyekuwa amekifua na kukipiga pasi siku nyingi, hakumuuliza zaidi. Majirani wakaanza kuleta mbegu tena, naye aliwataja mmoja mmoja. Lakini ngoma hakuipiga tena. Na mara nyingine, katikati ya maombi, alinyamaza akatega sikio, kama mtu aliyebisha hodi na hana hakika kuna mtu ndani. Zamani hakuwa hivyo. Alikufa akiwa bado anatega sikio. Hapo ndipo mimi huacha kucheka, na babu yako pia. Ukimwona akiomba kwa maneno machache, usidhani ni uvivu.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, nakupa bila kuizungusha. Kuuliza sikukatazi. Nyumba hii ni ya watu wanaouliza. Lakini anayeuliza ili ajue hukaa akangoja jibu, na wewe kwenye ile video hukungoja, ulikuwa unatafuta mahali pa kucheka. Hayo maswali uliyomrushia yule mama hayachagui mlango. Yatakufuata hadi chumbani kwako siku utakayokuwa na mgonjwa hospitalini na unatafuta neno la kusema, na yatakucheka kwa sauti yako mwenyewe. Na yule uliyemvua kilemba huenda asije kwako. Huenda akabaki tu kichwa wazi kwenye baridi, na huna cha kumfunika. Kwa hiyo ifute hiyo video leo. Kesho asubuhi nenda kwa yule mama kabla hajaanza kuombea mboga zake, vua hiyo kofia yako, umwombe msamaha, kisha usimame hapo hadi aseme amina. Usiseme kitu. Ukirudi, uje na sukuma.

Mungu akupe swali zuri na subira ya kulisubiri jibu lake. Akupe jirani atakayekutaja kwa jina hata siku ambayo wewe mwenyewe huwezi kuomba. Na ukuta wako usimame, na wa mwenzako usimame. Amina. Haya, kamwamshe babu yako, chai imeiva.