Mashine Imesema Maharagwe Yanapotelea Dukani Kwangu, na Jumamosi Mtu Anafutwa Kazi

Admin, jina langu usiweke, ingawa hata ukificha nusu ya Eldoret watajua ni mimi. Niko na miaka hamsini na mbili. Hakuna nyumba mji huu ambayo haijapika githeri ya maharagwe yangu. Kuna mkubwa mmoja wa serikali, simtaji, aliwahi kusimamisha magari yake barabarani ashuke anisalimie tu, na askari wake wakanipigia saluti na kuniita Mheshimiwa wakidhani mimi ndiye mkubwa. Sikuwarekebisha. Shule niliacha darasa la saba, mwalimu mwenyewe akisema hana kingine cha kuniongezea.

Niko na maduka matatu ya nafaka: town, Moiben na Moi's Bridge. Hili la Moi's Bridge linasimamiwa na mtoto wa dada yangu, msichana wa diploma ambaye nimemlea mwenyewe. Mwaka huu stoki ilianza kutolingana na mauzo. Maharagwe yanaisha gunia, pesa ya gunia haionekani. Nikasema mbele ya wafanyakazi wote kwamba mwizi yuko Moi's Bridge, kwa sababu duka hilo liko mbali na jicho langu. Msichana hakulia. Aliniambia, "Anko, basi tuweke mashine moja isome maduka yote. Ikisema ni mimi, nitatoka mwenyewe."

Wakaja wauzaji wawili wa hizo sistimu za POS, za kurekodi mauzo na stoki. Wa kwanza alikuwa kijana wa tai. Sistimu yake inakaa ndani ya kompyuta ya duka moja, unanunua mara moja umemaliza, na risiti inatoka na picha yangu juu. Huyo nilimpenda. Msichana akamuuliza, "Na tukifungua duka la nne?"

"Mnanunua ingine. Jioni mnaleta hesabu na flashi."

"Nani atatoka Moi's Bridge na flashi kila jioni, wewe?"

Kijana akarudi kwa chai yake.

Wa pili alikuwa mama mmoja mpole. Yake inalipiwa kila mwezi, lakini maduka yote unayaona kwa simu, netiwaki ikipotea inaendelea kuuza, na duka jipya unaongeza tu. Kila muuzaji anaingia na namba yake ya siri, ili ijulikane nani ameuza nini. Akatuachia tuijaribu. Alipotaka kunipa namba yangu nilikataa. Nilimwambia, "Mama, mimi ndiye mwenye duka. Siwekwi namba kama mfungwa." Kwa hivyo nikiwa kaunta hapa town, nauza na namba ya Wekesa, muuzaji wangu wa hapa.

Wekesa ni mtu wangu tangu tukiuza kwa gunia lililotandikwa chini pale stendi. Hajawahi kunikosea.

Wiki iliyopita tukahesabu stoki, mimi, mke wangu na msichana. Moi's Bridge iko sawa. Moiben iko sawa. Town ndiyo maharagwe yamepungua, na namba inayoonekana hapo ni ya Wekesa. Msichana akanigeuzia simu ya mke wangu, ambayo sistimu imewekwa, nijisomee. "Anko, mimi sitaki kitu kingine. Uliniita mwizi mbele ya watu, unisafishe mbele ya hao hao. Na tuchukue hii sistimu. Ukichukua ile ya picha, mimi nimeenda."

Mke wangu hata hakungoja. "Baba Brian, Wekesa aende Jumamosi. Na usianze kunipa hadithi."

Mimi, mtu ambaye huwa na hadithi ya kila kitu, nikaanza kuhesabu magunia upya.

Kesho yake Wekesa akanifuata nyuma ya magunia. Alikuwa ameshika ile gorogoro yetu, mkebe wa kupimia, anaipangusa na ilikuwa safi tayari. "Mzee, nimesikia. Mimi sijasema kitu kwa Mama Brian." Akaipangusa tena. "Lakini niko na watoto shule." Akarudi kuhudumia watu. Tangu hapo ananisalimia kama kawaida, na hiyo ndiyo inaniumiza kuliko matusi.

Sasa Jumamosi imekaribia. Nikichukua sistimu ya tai, hakuna atakayejua kitu, lakini msichana anaondoka na jina la mwizi na Wekesa bado anafutwa kazi. Nikichukua ya yule mama, nitapewa namba yangu, na mwezi ukiisha simu ya mke wangu itasema yenyewe. Nikisema mapema, nitawaangaliaje? Nyinyi mlio na maduka na familia, nishaurini, nianzie wapi na maneno gani?

Kwa sababu mwizi hakuna, ndugu zangu. Ni mimi. Mteja akisimama kaunta aseme, "Mheshimiwa, nipimie gorogoro moja," mkono wangu unaenda wenyewe. Najaza mpaka inamwagika, naongeza viganja viwili juu, na akisema asante Mheshimiwa, naongeza cha tatu. Wamenijua. Siku hizi wengine wanatoka mbali wakiacha maduka njiani. Na mimi huwangoja, kwa sababu tangu siku ile ya saluti, hakuna mahali pengine naitwa hivyo.